Mhudumu Aliyegeuza Kitanda

Balozi wetu wa nyumba kumi ameniuliza kama huyu mhudumu wa zahanati ya Kurui anafaa kubaki. Ndiye anayemwangalia mama yangu tangu hospitali waliposema turudi naye nyumbani tusubiri siku yake. Mimi ananichosha. Akiingia hanisalimu, hupitiliza hadi kitandani na kuingiza kiganja chini ya mgongo wa mama, akitafuta palipo na joto, maana ndipo vidonda vinapoanzia. Kisha maswali yale yale: "Amelala? Amekunywa? Amecheka?" Acheke nini, na uvimbe ule tumboni? Nikimjibia mgonjwa hunikatiza: "Nimemuuliza yeye, dada." Uji wangu huuonja kwa kijiko changu mwenyewe, kisha husema ni mzito.

Juzi ndipo alipovuka mpaka. Mjomba Isihaka alikuwa amegeuza kitanda ili mama aelekee kibla, na mama akabaki kutazama ukuta, siku mbili hasemi. Mhudumu akamwinamia. "Bibi, unataka kutazama wapi?" Mama akanyoosha kidole mlangoni. "Shika miguuni, dada." Mjomba akafoka kwamba Mkristo wa bara hawezi kumfundisha dini. "Saa yake ikikaribia nitakuita, mzee, ugeuze mwenyewe," akajibu, keshanyanyua upande wake. Nami, sijui kwa nini, nikanyanyua wangu. Mama akatazama uani kitambo. "Mihogo yote imeanikwa," akasema, "na wingu lile, nawe umesimama tu." Nikatoka kuianua.