Chachu ya Mama Racho

Mtaa mzima wa Kiwanjani humwita Naimo daktari, na hata leo watu humletea vidonda, ingawa yeye alisomea vijidudu na hajui kudunga sindano. Utafiti wake wa uzamili ulihusu maziwa lala, yaani yaliyochachushwa, ya ngamia, kutoka kibuyu cha mama yake, Racho, kule Merti. Mama alifariki Naimo akiwa bado maabara. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na maiti ya Mwislamu haingoji; alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka.

Baba yake, mzee Dabasso, akaletwa mjini kwa Naimo. Mzee aliyekuzwa kwa maziwa akayakataa maziwa. Kila kikombe alikinusa, akakirudisha. "Si ya nyumbani," alisema, basi. Akawa anakwisha machoni pa bintiye, na Naimo akaingiwa na hofu kwamba atampoteza na huyu pia. Ndipo alipokumbuka chupa ndogo aliyoiacha kwenye friza la chuo: chachu ya mama, imelala kwenye baridi, ingali hai.

Akaifuata, akaileta. Jioni hiyo aliimimina kidogo kwenye maziwa mapya, ndani ya jagi la plastiki lililonunuliwa juzi. Kibuyu cha mama hakukigusa. Chombo cha maziwa ni cha mwenyewe, na hicho, kilicholetwa kutoka Merti, kilikuwa kimening'inia ukutani, kikavu, tangu mazishi.

Asubuhi yake alikuja Abiba, binamu yake, aliyepata nafasi ya kusomea uzamili na sasa alitaka ushauri. Naimo alikaa kwenye kizingiti akampa bila kuutia sukari.

"Tafuta msimamizi anayeshika simu, jina kubwa halitakusaidia. Majaribio yatakufia mikononi, na utalia chooni. Lia, halafu osha vyombo uanze upya. Usione haya kuuliza. Na usiamini kitu usichoweza kukirudia. Kikitokea mara moja tu, hicho si jibu."

Abiba alikuwa akinusanusa. "Dada, umefukiza kibuyu?"

"Sijafukiza kitu."

Lakini hata yeye alishausikia. Ni moshi wa mzeituni mwitu, ule ambao mama alifukizia vibuyu vyake, na ulikuwa ukitoka kwenye jagi. Vijidudu huchachua maziwa; moshi havibebi. Hilo Naimo analijua kama anavyoijua Fatiha. Akainua macho ukutani. Shingo ya kibuyu ilikuwa imelowa.

Hata hivyo alimpelekea baba kikombe, maana njaa haisubiri maelezo. Mzee alinusa, akanywa, akamaliza, akaomba kingine. Naimo aligeuka kufuta machozi, kisha akarudi kukaa kizingitini.

"Na hii utairudia?" Abiba aliuliza polepole.

Naimo aliitazama ile chupa ya chachu. Ilikuwa imebaki nusu. Akirudia na harufu isitokee, mama atakuwa amekufa mara ya pili. Ikitokea je? Hilo hakuna msimamizi aliyewahi kumfundisha, na kusema kweli aliogopa.

Ndani, mzee aliita kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu Merti.

"Naimo, mbona umeziba mlango? Mpishe mama yako aingie. Amesimama hapo nyuma yako tangu asubuhi."

Naimo, na shahada zake mbili, aliinuka akasogea kando.