Magoti ya Mavyaa

Mimi ndiye niliyemtembeza mavyaa wangu. Kijijini watu humshukuru Mungu kwa ile miguu ya mama wa mume wangu, na siwakatazi, lakini asubuhi zile zote Mungu hakushika kisigino cha mtu. Nilishika mimi, na nilishika kwa hasira.

Tuliishi watatu kando ya mto, upande wa Hewani: yeye, mimi, na binti yangu wa miaka miwili na nusu. Mume wangu yuko Mombasa kwenye kazi za mjengo, na nyumbani huja kwa simu. Magoti ya mavyaa yalikuwa yamemgomea zaidi ya mwaka. Kuinuka kitandani, mimi. Kwenda chooni, mimi, shingo yangu ndiyo mkongojo. Kuchuchumaa hawezi, kukaa kwenye mbuzi akune nazi hawezi. Kusema anaweza.

Nami nilikuwa na barua. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa tayari na mimba, lakini nilimaliza, na chuo cha walimu wa chekechea kule Garsen kilikuwa kimenikubali, darasa kuanza Septemba. Nilipanga tuhamie mimi na mwanangu kwa mama mdogo wangu, hapo hapo mjini. Nilipomwambia mume wangu, akasema, "Na Mama aachiwe nani? Siku atakayokwenda shamba kwa miguu yake, siku hiyo nenda. Kabla ya hapo nisisikie habari za chuo."

Ulikuwa mwezi wa tano. Wiki hiyo hiyo nikampakia mavyaa kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshika kama gunia, tukaenda hospitali.

Walitupeleka kwa kijana mmoja mwembamba ambaye watu humwita daktari wa mazoezi. Akamtazama, akatazama picha ya mifupa, akasema, "Mama, kati ya mifupa ya goti kuna gegedu, kama mto laini. Lako limelika. Halirudi. Lakini msuli wa paja ukipata nguvu, utaubeba ule mzigo, na maumivu yatapungua."

"Nimekuja kuchomwa sindano," mavyaa akasema. "Sikuja kufundishwa mpira."

"Kukaa tu ndiko kunakokumaliza, Mama."

"Goti likiuma hulazwa. Hata ng'ombe analijua hilo."

Kijana akanyoosha mkono amwonyeshe zoezi la kwanza, mavyaa akaukung'uta kama nzi. Mwanamume amshike paja, marehemu mumewe huko kaburini aseme nini? Basi kijana akanigeukia. "Utafanya wewe, binti yake."

"Si binti yangu huyu," mavyaa akasema. "Ni mke wa mwanangu."

Nikasema moyoni: vizuri sana. Leta hilo paja.

Hapa lazima niseme kitu, la sivyo nitaonekana mwovu bure, na mimi sikuwa mwovu bure. Siku ya nne baada ya kujifungua, kidonda bado kibichi, mavyaa huyu aliweka kiti barazani akaniambia, "Ndoo kumi. Nahesabu." Kutoka mtoni hadi pipani, kile kipandio cha udongo unaoteleza, damu ikinishuka mpaka kwenye kandambili. Kila nilipopita alisema namba. Ndoo ya sita nilikaa chini nikalia. Akasema, "Machozi hayajazi pipa. Ukilia tunaanza moja." Na tulianza moja. Wakati huo magoti yake yalikuwa mazima, angeweza kuteka mwenyewe.

Kwa hiyo nilihesabu.

Zoezi la kwanza ni la kukaa kwenye mkeka, miguu imenyooka. Unakunja leso unaiweka chini ya goti, halafu mgonjwa anaikandamiza kwa goti, anakaza paja, anashikilia hadi tano. Mara kumi kila mguu. La pili, alale chali, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha, auinue kiasi cha shibiri mbili, aushikilie, kisha aushushe polepole. Kuushusha ndiko kazi ilipo. Yeye aliutupa puu! mkekani.

"Hiyo haihesabiwi," nikamwambia.

"Mbona nimeinua?"

"Umeangusha. Moja."

"Wewe mwana wa watu, nikifa leo?"

"Utazikwa kesho, Mama. Moja."

Kila asubuhi kabla ya chai. Chai hakuipata kabla ya kumaliza, na birika lilikuwa mkononi mwangu. Juma la kwanza alilia mara tatu, na kila mara tulianza upya. Nilifurahi. Mtu mwingine angesema alijisikia vibaya; mimi nilikuwa nalala vizuri. Mwanangu alikaa pembeni akihesabu nasi, na namba zake za kwanza duniani alizijulia kwenye mguu wa nyanya yake. "Chita, chaba," anasema, nyanya yake anakoroma kwa uchungu.

Lakini maagizo ya kijana wa hospitali sikuyapuuza. Alisema maumivu kidogo si kitu, ila goti likivimba, punguza uzito umpumzishe siku mbili, nami nilipunguza. Alisema baada ya mwezi ongeza uzito kidogo kidogo, nikafunga kilo ya mchele kwenye kifundo cha mguu. Alisema ainuke kitini mikono ameikunja kifuani, akae polepole, asijitupe. Alisema kizingiti cha mlango kinatosha kuwa ngazi: panda, shuka, panda, shuka. Yote nilifanya, kwa sababu nilitaka kuondoka, na mlango wangu wa kutokea ulikuwa yale magoti mawili.

Mwezi wa saba nilianza kushuku. Kazi yangu ilikuwa kushika lile paja kila siku, na paja halijui uongo. Lilikuwa limekaza kama mpini wa jembe. Lakini bado chooni alinining'inia shingoni. Bado anapiga kelele akiinuka kitini, "Mama wee, nakufa!" Nikamuuliza, "Huoni nafuu hata kidogo?"

"Nafuu gani? Haya mazoezi yako ni mateso ya bure."

Kumbe alijua. Alijua sharti la mwanawe, alijua Septemba. Mimi nikiondoka, nani ateke maji, nani apike, nani atukanwe?

Aliyeniambia ukweli ni yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Alinipimia kikombe, akacheka. "Wewe nadanganywa. Juzi wewe nakwenda kliniki na mtoto, sindio? Mimi napita na ng'ombe, naona mama yako. Juu ya dungu."

"Dungu lipi?"

"Dungu yenu. Nafukuza ndege. Nalia kama kijana."

Dungu ni ule ulingo wa miti tunaosimamisha katikati ya shamba la mpunga, mtu akae juu akiamia ndege, awafukuze wasimalize masuke. Letu lina ngazi ya vijiti saba. Mwanamke asiyeweza kufika chooni.

Alhamisi nikamwambia mavyaa nampeleka mtoto kliniki tena, nitachelewa. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikakaa nyuma ya migomba ya jirani. Haikupita muda, akatoka. Alifunga mlango, akachukua kombeo lake, akafuata njia ya shamba. Hakuchechemea sana. Nikamwacha apande, atulie, arushe madonge yake ya udongo, apige ukelele ndege wainuke wimbi zima. Ndipo nikaja nikasimama chini ya ngazi.

"Mama, hujambo?"

Akachungulia chini: "Hukwenda kliniki?"

"Magoti yanasemaje huko juu?"

"Nimepandishwa," akasema.

"Na nani? Ndege?"

Wanawake wa mashamba ya jirani walikuwa wamesikia, wakaanza kusogea kwenye matuta, watano, sita, nami niliwataka wasogee. Nilitaka macho.

"Basi shuka," nikasema.

Kijana wa hospitali alikuwa ameniambia: kupanda kila mtu hujitahidi, lakini kushuka ndiko goti linakopimwa. Mavyaa alitia mguu kijiti cha kwanza akatetemeka. Hapo hakuigiza.

"Nipe mkono, mwanangu." Siku ile ndipo nikawa mwanawe.

"Mkono sina, nimebeba mtoto. Moja."

Akashuka kijiti. "Mbili." Mgongoni kwangu mwanangu akadakia, "Chatu!" Kijiti cha nne alianza kulia, jasho na machozi vikimtoka pamoja. Nikamwambia, "Ukilia utarudi juu, tuanze moja."

"We dada," mwanamke mmoja akasema, "huyo ni mzee."

"Alikuwa mzee hata mwaka nilipojifungua," nikamjibu.

Alishuka vyote saba. Aliposimama chini, wanawake wale walipiga vigelegele, wajinga, kama kwamba ni arusi. Sikungoja. Nilimpigia mume wangu hapo hapo, nikaweka simu kwa sauti kubwa wote wasikie. "Mama yako yuko shambani. Amepanda dungu na kushuka, mashahidi hawa hapa. Waulize."

Wakamwambia. Ni kweli, kapanda, kashuka, magoti ya msichana.

"Alhamdu... sijui niseme nini," mume wangu akasema, naye si Mwislamu, furaha tu. "Basi sawa. Nenda chuo."

Nikamtazama mavyaa usoni. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka anione nikishinda. Yeye alikuwa anapangusa matope kwenye leso yake, taratibu, hana haraka.

"Aende," akasema. "Kwani nani amemkataza? Ila mjukuu wangu anabaki."

"Anabaki wapi?" nikauliza.

"Kwao. Chuo si mahali pa mtoto. Na mimi si mgonjwa, nyinyi nyote mmeniona. Naweza kulea." Akawageukia wale wanawake niliowakusanya mwenyewe. "Ama mimi nimesema uongo?"

Hakusema uongo. Wakaitikia kwa vichwa: mtoto ni wa kwao, na nyanya ana nguvu. Kwenye simu mume wangu akasema, "Mama amesema kweli. Kusoma na mtoto mdogo haviendi. Nenda, mke wangu, mtoto yuko salama."

Nilibishana. Nilitukana, sikatai. Lakini kila neno nililosema, jibu lilikuwa yale magoti, na yale magoti nilikuwa nimeyatengeneza mimi, asubuhi kwa asubuhi, hadi kumi, kwa uzito wa kilo.

Septemba nilienda Garsen. Mwezi wangu wa kwanza huko nilikuwa nafundishwa jinsi ya kumfundisha mtoto kuhesabu, nikatoka nje ya darasa mara mbili.

Mimi huja nyumbani kila Jumamosi. Ile iliyopita nilimkuta mavyaa mlangoni, mwanangu amefungwa mgongoni kwa leso, anapanda kizingiti na kushuka, anapanda na kushuka, na mtoto anahesabu kwa sauti. Sasa anasema "sita" vizuri. Mavyaa aliniona na hakusimama.

"Daktari wako si alisema uzito uongezwe kidogo kidogo?" akasema. "Huyu anakua vyema."

Nikatazama miguu. Sikupenda, ni mazoea. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, linang'aa, kile kishimo cha pembeni kimejaa maji. Najua maana yake. Punguza uzito, pumzisha siku mbili. Ukipuuza, juma moja mbele hainuki kitini, na asiyeinuka kitini hamlei mtoto wa mtu. Wataniita, najua. Nitakuja kumchukua mwanangu, na yeye wamtafutie shingo nyingine.

Nikafungua leso, nikamtoa mtoto mgongoni kwake, maana yeye akianguka sitaki aanguke na wangu. Nikamweka kiunoni.

"Umechoka, Mama?" nikamuuliza.

"Mimi? Nichoke?"

"Basi niongezee kumi, nione."

Akainua kidevu, akapanda. Mwanangu akaanza kuhesabu, nami nikahesabu naye.