Mto Uliokwenda na Kurudi

Juzi, nikiwa Mbuchi kikazi, nilisimama ukingoni nikaona maji ya mto yakigeuka na kuanza kurudi yalikotoka. Sasa najua kwamba bahari ikijaa huusukuma mto nyuma. Utotoni sikujua.

Asubuhi mama alipozidiwa na ugonjwa, maji yalikuwa yakipwa. Baba alimlaza mama ndani ya mtumbwi, akaondoka naye kumpeleka hospitali. Mimi nilibaki na shangazi, aliyekuwa akitwanga mpunga. Nilipomuuliza watarudi lini, alijibu bila kuinua uso, "Maji yakijaa, mwanangu."

Mchana nilikwenda kukaa mtoni, penye harufu ya tope la mikoko. Nikaona makumbi ya nazi yakielea kuelekea mto unakotoka. Nilirudi mbio.

"Shangazi, mto unarudi nyuma!"

"Ndiyo kazi yake," alicheka. "Kwenda na kurudi, kama mchuuzi wa samaki. Hebu nipishe nipepete."

Nikaamini kwamba chochote kilichochukuliwa na mto hurudishwa vilevile kilivyokuwa.

Alasiri mtumbwi ulijitokeza kwenye kona, ukiletwa na maji. Mama alikuwa amelala, amefunikwa kanga mpaka usoni, nami nikadhani anajikinga na jua. Niliruka, nikapiga makofi.

"Baba! Nilijua mtarudi!"

Baba aliendelea kupiga kafi bila kunitazama. Shangazi akaja nyuma yangu, akanishika viganja vyote viwili, akavibana ndani ya vyake ili visipige tena.