Alivyotoka kwenye Picha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya picha pale Kilosa mjini, Mkuu wa Studio hakunipa kamera. Alinikalisha mbele ya kompyuta, akanifungulia klipu mbili, yaani vipande viwili vya video: bibi harusi anashuka garini, kisha anaingia kanisani.

"Ziunganishe," akasema.

Nikaziunganisha kwa mpito wa mioyo myekundu. Mpito ni namna picha moja inavyoiachia nyingine nafasi, na programu ilikuwa na mipito ya kila aina: ukurasa unaofunuliwa, pazia, nyota zinazopasuka. Mkuu akacheka. "Wateja watapenda. Ila ujue, kila mpito unasema kitu."

Baadaye nilihamia Mikumi. Meneja wa huko alipenda mbwembwe. "Mteja akiona picha zinakatika tu," alizoea kusema, "atadhani tumelipua kazi."

Ndipo ikaja harusi ya Kidodi. Baba wa bibi harusi, dereva wa lori la miwa, alimsindikiza binti yake hadi altareni. Kabla sijamaliza kuhariri, presha ikamchukua. Ile ikawa video yake ya mwisho.

Mioyo haikufaa tena. Nikaweka mpito wa kuyeyusha: mzee anafifia polepole, ukumbi wa sherehe unajitokeza. Meneja alitazama. "Hapo umeweza," akasema.

Matanga yalipoisha, mjane akaja na binti yake.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

Nikawawashia video. Tulipofika pale mzee anapofifia, mjane akainua mkono. "Simamisha. Mbona mmemfanya kama mzuka? Mume wangu hakuyeyuka siku ile. Alitembea."

"Mama, ndivyo wanavyofanya," binti akanitetea.

"Wawafanyie wengine."

Nikafungua picha zote tulizopiga. Kweli, baada ya kumkabidhi binti, mzee alilivuta koti likae sawa, akatabasamu peke yake, akaenda zake kuketi. Sehemu hiyo nilikuwa nimeikata kwa sababu bibi harusi hakuonekana vizuri. Nikairudisha, nikaiacha iende mpaka mzee alipotoka kwenye picha kwa miguu yake. Kisha nikakata moja kwa moja hadi ukumbini, bila mpito wowote.

Mjane alitazama. "Kaenda kuketi," akasema, ndipo akalia. Binti akamkumbatia. Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakutaja mbwembwe.

Sasa nimestaafu, macho yamechoshwa na kioo cha kompyuta. Vijana wanahariri kwenye simu, na mipito waliyonayo sikuwahi hata kuiota. Sina ugomvi nayo, harusi ni furaha. Nawaomba tu, kabla ya kuchagua, watazame klipu hadi inapoishia.

Mama yule bado yupo Kidodi. Nasikia kwamba wajukuu wakimuuliza habari za babu yao, huwasha video ile, akawaambia, "Mtazameni. Alikuwa anatembea hivi."