Seva Yangu Imevishwa Kitambaa

Wazee, kaeni chini: seva ya barua pepe iko sebuleni kwetu hapa Salama, na inafanya kazi!

Nimeiweka mimi na Linux yangu, ile programu ya bure ya kuendeshea kompyuta. Ndiyo, mimi, mliyesema hata Form Two itanishinda.

Shemeji alikuwa atume habari kutoka Mombasa: dada yangu amejifungua mtoto gani? Akiwa msichana, atakuwa wa pili, na kwa desturi yetu anapewa jina la mama yetu.

Tukingoja hivyo, mashine ikazima. Pu!

Kumbe mama ameifunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio.

“Mama, hii mashine inapumua!”

“Ningeiacha uchi mbele ya wageni?”

Nikaifunua, ikapoa, nikawasha. Barua ikaingia.

Msichana!

Mama alipiga vigelegele vikasikika hadi barabarani. Sasa nikitaka kuizima mashine, ananishika mkono:

“Wacha, utaamsha mtoto humo ndani.”

Basi, wazee, naiacha iwake.