Matanga Niliyoyaanzisha Nyamisati

Nikiyakumbuka haya mpaka leo uso unaniwaka moto, lakini kwa kuwa mmenibana, na kwa kuwa mama mkwe keshayasambaza Kibiti hadi Ikwiriri, bora myasikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika, nami nikitoka Kibiti na robota langu kwenda kuuza Nyamisati, nafikia kwa mama mkwe, Bi Mwajuma, ambaye alishamtangazia kila shoga yake kwamba mke wa mwanawe kasoma sekondari na Kizungu anakimwaga kama maji (kusoma nilisoma, ila Kizungu changu kilikuwa cha kujibia mtihani, si cha kumsikiliza mtu anayeongea).

Siku hiyo akaja mama mmoja wa Kizungu, daktari, si wa sindano bali wa mambo ya mimea, anaomba ruhusa ya kijiji achimbue matope chini ya bahari, kule nje mto unakomwaga maji. Mwenzake wa kumtafsiria, mwalimu wa chuo kikuu, gari lilikuwa limemnasia mchangani huko nyuma, na watu walishakusanyika. Mwenyekiti akauliza nani anajua Kizungu. Mama mkwe hakungoja, akaninyanyua mkono. Ningeweza kusema sijui vizuri. Nikawatazama mashoga zake wote walivyonikodolea macho, nikasimama.

Yule mama akaanza, anaongea mbio, mikono inaruka, nami nadaka neno hapa neno pale: wengi, maelfu ya miaka, mto, matope, kuoza hapana. Na kila akivuta pumzi anasema poleni. Nikasema moyoni, afadhali, Kiswahili kidogo anacho.

Nikatafsiri kwa sauti ya chini, ya msibani: "Mgeni anasema kuna wengi, wa zamani sana, walichukuliwa na mto wakaishia baharini. Wako chini ya matope mpaka leo na hawajaoza. Amekuja kuwatafuta. Anasema poleni."

"Tushapoa," mkutano mzima ukajibu.

Mgeni akafurahi kuitikiwa, akasema poleni tena kwa nguvu, wakamjibu kwa nguvu zaidi. Mwalimu wa madrasa akasema maiti asiyeoza miaka yote hiyo hakuwa mtu wa hivi hivi, akainua mikono, tukaomba dua. Majamvi yakatandikwa. Wanawake wakatia mchele jikoni na samaki wa nazi, maana mfiwa aliyetoka mbali hivyo haondoki na njaa. Mama mkwe akajitanda kanga, akaenda kumkumbatia daktari na kulia begani kwake, na daktari naye machozi yakamtoka (baadaye alisema tangu aanze kazi hakuna watu walioguswa na utafiti wake namna ile).

Hapo ndipo mwalimu wa chuo alipofika, vumbi mpaka kwenye nyusi, akauliza kwa adabu nani kafariki. Akaambiwa ni watu wa mgeni. Akazungumza na mgeni kidogo, kisha akakaa chini kwenye jamvi, akacheka mpaka akashindwa kusema.

Alipopata pumzi akatueleza. Lile neno si pole, ni "pollen", jina la Kizungu la ule unga wa manjano unaopukutika kwenye mbelewele za mahindi. Kila mti una unga wake, hata mikoko. Mto huubeba hadi baharini, ukazama kwenye matope ukakaa maelfu ya miaka, na ukitazamwa kwa hadubini unaonyesha zamani hapa palikuwa msitu au nyasi, mvua au ukame.

Mimi natafuta shimo la kuingia. Mama mkwe akajifuta macho na pindo la kanga.

"Kwa hiyo, mwanangu," akaniambia, "nimelilia unga?"

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, kisha hakuna aliyebaki. Daktari alipotafsiriwa (safari hii vizuri) alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Ruhusa akapewa pale pale, wali ukaliwa wote, nami nikarudi Kibiti naitwa Mama Poleni, jina ambalo hata wateja wangu wa mitumba wamelishika.

Tangu siku hiyo neno nisilolijua nasema silijui, hata mbele ya mkwe. Mwaka uliofuata alikuja mgeni mwingine, wa mambo ya samaki. Nilimwona mama mkwe anaangaza macho kunitafuta, nikajifungia chooni mpaka mkutano ukaisha.