Pauni Hamsini na Moja

Katika soko zima hakuna muuza nyama wala muuza sukari aliyempenda mkaguzi wa mizani, na hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa na mkoba wa mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe na kitambaa chake, na msemo aliowarushia wenye maduka kabla hawajafungua mdomo: "Kilichochongwa hakidanganyi." Aliamini namba iliyopigwa chapa kwenye kitu chenyewe. Maneno ya watu aliyaweka kando, maana watu, kwa uzoefu wake, huongeza chumvi na kupunguza sukari.

Alipotimiza miaka hamsini na mbili, mtoto wake wa mwisho akiwa ameshajitegemea, alijinunulia gari la spoti. Lilikuwa la mkono wa pili, la bluu, la milango miwili, limelala chini hata kuingia ni kushuka na kutoka ni kupanda. Majirani walicheka, naye akacheka nao, lakini alilipenda, tusimsengenye. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha injini, matairi yakiwa bado baridi, alichuchumaa na kipimo cha upepo alichokihakiki mwenyewe ofisini, akajaza kila tairi pauni hamsini na moja. Si hamsini, si hamsini na mbili. Namba hiyo ilichongwa ubavuni mwa tairi, kwa herufi ndogo, na aliisoma akiwa amepiga magoti.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alimpeleka mama yake kliniki ya macho. Mama aliishi peke yake nyuma ya kiwanda cha sabuni, katika vyumba viwili alivyovifagia mara tatu kwa siku. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ugonjwa wake wa macho hauponi, ila unazuilika, mradi matone anayopewa pale yasikosekane na macho yapimwe kila mwezi. Njia ya kwenda huko ilikuwa na matuta na mashimo, na kiuno cha mama kilikuwa kibovu tangu alipoteleza bafuni.

"Mwanangu, gari lako linanitwanga," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja na mto wa kukalia. Mara ya tatu aliomba wasimame njiani apumzishe kiuno, na mkaguzi, aliyekuwa amechelewa kazini, akatamka maneno ambayo angeyameza leo kama maneno yangekuwa yanarudi: "Mama, gari la spoti ndivyo lilivyo. Anayetaka kitanda abaki kitandani."

Walipofika kwake, mama alijivuta nje kwa kushika mlango, akachukua mto wake.

"Haya, baba," alisema. "Kuanzia mwezi ujao nitapanda basi."

Mkaguzi alinuna. Aliona mama amelichukia gari lake bure. Kila mwezi alimpigia simu kuuliza, "Ulienda?" na mama akajibu, "Nilienda." Akaridhika na neno tupu, yeye ambaye hakuwahi kuridhika na neno la mwenye duka hata siku moja.

Mwezi wa saba tangu siku ile alimtembelea, akamkuta mezani akimimina chai kando ya kikombe. Chai ikachuruzika hadi kwenye gauni, na mama bado anamimina. Mkaguzi akaomba kadi ya kliniki. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa siku ile ya maneno ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Namba za basi sizioni, mwanangu. Na habari za gari lako nilikuambia."

Huko kliniki, daktari aliyapima macho mara mbili. La kushoto lilikuwa limezimika. La kulia liliona mwanga wa dirisha tu, na kilichoondoka hakitarudi.

Wiki iliyofuata tairi moja lilianza kutoa nyuzi, akalipeleka gari kwa fundi wa matairi, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli iliyokatwa mikono. Fundi akapitisha kidole juu ya tairi.

"Limeliwa katikati tu. Unajaza ngapi?"

"Hamsini na moja. Imechongwa hapo."

Fundi akamtazama, kisha akautazama mkoba wa mawe kitini. "Wewe si ndiye yule wa mizani? Mizani ikiandikwa mwisho kilo mia, kila mteja unampimia kilo mia?"

Akafungua mlango wa dereva, akagonga kwa ukucha kikaratasi kilichobandikwa kwenye nguzo yake. Mbele thelathini na mbili, nyuma thelathini na nne. "Hiyo ya ubavuni ni mwisho wa uvumilivu wa tairi. Ya kila siku ni hii; ukizidisha, gari linatwanga."

Karibu mwaka mzima alikuwa akipitisha bega kando ya kikaratasi kile. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa amemuumiza mamaye, na methali haikumfaa kitu. Alisimama akisikiliza upepo ukifoka kutoka kwenye valvu.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata alimshika mama mkono, akamwinamisha taratibu hadi kitini. Mama alipakata mto wake, akashika mpini wa mlango kwa nguvu zote. Kwenye tuta la kiwandani akakaza meno. Tuta likapita. Likapita la pili, na vidole vyake vikalegea.

"Afadhali umeliuza lile jingine," alisema. "Hili lina adabu."

Mkaguzi angeweza kuitikia tu, na mama asingejua kamwe. Alitamani sana kuitikia.

"Ni lile lile, mama."

Mama akaupapasa tena mpini, akautambua. "Sasa umelifanyaje?"

"Nimepunguza upepo kwenye matairi."

Mama akageuza uso kumtafuta, macho yakatua pembeni kidogo ya pale alipokuwa.

"Upepo tu?"

"Upepo tu, mama."